Kocha, acha kumdhalilisha mtoto wa watu kwa video ya Iverson

Ndugu zangu, nina hasira na sitaificha. Mdogo wangu alikosa mazoezi mara mbili kwa sababu alipanda basi la usiku kwenda Arua kumzika rafiki yake, aliyegongwa na lori akiwa kwenye bodaboda. Aliporudi Kampala, kocha wao akawakalisha vijana wote uwanjani, akatoa simu, akafungulia ile video ya Mei 2002 ya Allen Iverson, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani, akiulizwa na wanahabari kuhusu kukosa mazoezi na kurudia "mazoezi, mazoezi" kama mara ishirini. Wenzake wakacheka. Kocha akamwambia: "Huyu ndiye wewe. Na hizo nywele ulizosuka kazinyoe."

Kocha, hiyo video uliitazama mpaka mwisho? Philadelphia, timu yake, walikuwa wametolewa na Boston kwenye mtoano siku chache tu nyuma. Rafiki mkubwa wa Iverson alikuwa ameuawa kwa risasi miezi 7 kabla, na msiba huo aliutaja pale pale mbele ya kamera. Watu wamekata kipande cha kuchekesha, kilio wamekitupa!

Sisemi Iverson alikuwa malaika. Mazoezini alichelewa kweli, na kocha wake Larry Brown aligombana naye sana kwa hilo. Lakini mvivu? Mtu wa futi 6, anaangushwa na majitu kila usiku na kuinuka, msimu wa 2000/01 alicheza wastani wa dakika 42 kati ya 48. Akawa MVP, yaani mchezaji bora wa ligi ya NBA, akaifikisha timu fainali, na mechi ya kwanza ya fainali akawatia Lakers pointi 48 nyumbani kwao, Lakers ya mastaa Shaq na Kobe ambayo haikuwa imefungwa hata mara moja katika mechi za mtoano mwaka ule. Mbona hiyo hukuwaonyesha vijana?

Na nywele, jamani! Iverson alifungwa akiwa bado mwanafunzi wa sekondari kwa ugomvi uliotokea Virginia, akakaa ndani miezi 4, gavana akamtoa, na 1995 mahakama ikaifuta hukumu yenyewe. Bado watu waliendelea kumpima kwa nywele zake za kusuka na michoro ya mwilini.

Mdogo wangu hajarudi uwanjani. Viatu vyake vya kuchezea, ambavyo alivivaa hata mazishini kwa kuwa hana vingine, viko chini ya kitanda na udongo wa Arua haujafutwa. Kocha, hujampa hata pole. Njoo umpe, na umpe mbele ya wale wale waliocheka.