Diski mbili za bekapu, namba moja: mafundi, huu si utengenezaji

Assalaam aleikum wana jukwaa. Naandika saa saba za usiku hapa Langoni, Amu. Leo nitasema, maana nimenyamaza vya kutosha.

Nina studio ya picha na video. Napiga harusi, napiga maulidi, na kwa miaka mitano sasa nawarekodi wazee wakisoma tenzi majumbani mwao, kwa sababu wanaozijua kwa ghibu wanazidi kupungua. Rekodi hizo haziko popote pengine. Basi bekapu, yaani nakala ya akiba, siichezei. Mji huu chumvi ya bahari inakula vyuma, stima ikikatika inarudi kwa kishindo, na diski haizeeki hapa. Nikanunua diski mbili za nje: moja ikae studio, nyingine ikae kwa dada yangu Shela, na kila Ijumaa nizibadilishe.

Ile ya pili nikampa fundi aniandalie. Simtaji jina wala duka. Nilimwambia: iandae ipokee bekapu. Yeye akakata njia, akaikloni ile ya kwanza juu ya hii ya pili, yaani akanakili kila kipande kidogo cha diski (sekta) kama kilivyo, akanirudishia na maneno matatu: "Kila kitu kimo." Akachukua pesa zake. Kweli kila kitu kilikuwemo, pamoja na kile ambacho hakitakiwi kuwa kwenye diski mbili.

Nieleze, kwa sababu mimi hakuna aliyenieleza. Windows haijui diski kwa rangi ya kasha wala kwa karatasi uliyoibandika. Inaijua kwa saini. Kwenye diski za mtindo wa MBR, ule wa zamani wa kupanga diski, ni namba ya baiti 4 iliyoandikwa ndani ya sekta ya kwanza kabisa. Kwenye GPT, mtindo mpya, ni namba ndefu ya baiti 16. Zaidi ya hiyo, kila partisheni, yaani sehemu ya diski, hupewa namba yake siku inapofomatiwa, yaani inapoandaliwa upya ikiwa tupu. Kloni ya sekta kwa sekta inabeba zote. Ukichomeka diski mbili za namna hiyo kwa pamoja, Windows inaipokea moja na ya pili inaiweka Offline, yaani haiifungui, kwa sababu saini zimegongana.

Nilipompigia fundi akasema, "Bonyeza Online tu, itakubali." Nikabonyeza, ikakubali! Nikafurahi, na furaha ile ndiyo iliyoniponza. Ukibonyeza Online, Windows inaipa diski ile saini mpya, lakini namba ya partisheni haiigusi. Na programu yangu ya bekapu inaangalia namba ya partisheni. Ijumaa naweka diski ya Shela, programu inadhani ni ile ile ya jana, inatafuta kipande cha mwisho iendelee pale ilipoachia, haikioni, inasimama. Nikirudisha ya kwanza nayo inakataa, kwa kuwa daftari la programu limeshavurugika. Na kosa linaandikwa kwa namba ndefu isiyosema lolote. Kwa nini mtu anayeunda programu ya kulinda mali za watu ashindwe kuandika sentensi moja: "Nimeona diski mbili zenye namba moja"?

Fundi nikamrudia mara tatu. Mara ya kwanza: virusi. Mara ya pili: faili zako ni nyingi, punguza. Mara ya tatu hakupokea simu.

Siku ya kumi na tisa bila bekapu, stima ikarudi na kishindo chake, diski ya ndani ikafa. Harusi mbili zilinusurika kwa kuwa kadi za kamera sikuwa nimezifuta. Lakini kuna bibi wa Mkomani aliyenisomea kwa vikao viwili. Kikao cha kwanza kipo. Cha pili kadi nilishaifuta, nikitegemea bekapu. Bibi ametangulia mbele ya haki mwezi uliopita, na wajukuu zake wameniomba rekodi. Nimewapa nusu.

Sasa mwenye tatizo kama langu asikubali kuambiwa virusi. Chomeka diski moja, fungua dirisha la amri, andika vol E: (badala ya E weka herufi ambayo Windows imeipa diski yako) na unakili namba utakayoiona, tarakimu na herufi nane zenye kistari katikati. Itoe, chomeka ya pili, fanya vivyo hivyo. Zikilingana, umepata ugonjwa. Saini yenyewe utaiona ndani ya diskpart, programu ya Windows ya kusimamia diski: list disk, kisha select disk na namba ya diski, kisha uniqueid disk. Amri hiyo hiyo ukiiongezea id= na namba nyingine inabadilisha saini. Tafadhali, tafadhali, hakikisha umechagua diski ya nje. Ukibadilisha saini ya diski inayowasha mashine ya MBR, Windows inaweza kukataa kuwaka, kwa sababu kumbukumbu za uwashaji zinaitafuta diski kwa saini ya zamani.

Lakini kubadilisha saini peke yake hakukunitosha mimi. Kilichotibu ni kunakili vya maana pembeni, kuifomati diski ya pili upya ili ipate namba yake, kuifuta katika orodha ya programu na kuiongeza kama diski ngeni. Saa nzima haikuisha. Fundi angefomati tangu mwanzo, nisingekuwa naandika haya.

Kwa hiyo nauliza mafundi mliomo humu, wa Amu, Malindi, Mombasa: mkimkabidhi mteja diski mliyoikloni, mnamwambia? Mnaangalia namba kabla hajatoka mlangoni? Na bekapu yenyewe, mnajaribu kurudisha japo faili moja mbele yake? Nataka majibu ya kweli, siyo "nunua diski mpya".

Diski ya Shela nimeifomati jana. Ijumaa hii ndiyo zamu yake ya kwanza, nitarudi hapa kusema imepita au haikupita. Na kama kuna mtu yeyote alikuwepo barazani siku ya kikao kile cha pili, akarekodi japo kwa simu, naomba anitafute kwa ujumbe wa faragha.