Bobby Williamson: Chalenji nne, AFCON sifuri. Tunamweka fungu gani?

Mleta mada

Wakuu, jana kijiweni kahawa imepoa watu wanabishana juu ya Bobby Williamson, yule Mskoti aliyeinoa Uganda kuanzia 2008 hadi 2013. Jamaa mmoja kashikilia kwamba alikula mshahara wa bure, kwa sababu Cranes, timu ya taifa ya Uganda, hawakukanyaga AFCON, fainali za Mataifa ya Afrika. Mimi nasema makocha wa kigeni waliofanya kazi kama yake ukanda huu ni wa kuhesabu. Nimeileta hapa, mje na hoja.

Kwa wasiomjua: mzaliwa wa Glasgow, mshambuliaji, kapita Rangers, West Brom na Rotherham, akamalizia Kilmarnock. Hapohapo Kilmarnock wakampa timu, na 1997 akawapa Kombe la Scotland kwa kuifunga Falkirk 1-0. Walikuwa hawajalishika tangu 1929. Kisha Hibernian, Plymouth, halafu Chester, ambako walimfungashia virago mapema 2008. Miezi michache mbele yuko Kampala. Kwa hiyo anayesema alikuja huku akiwa kashachokwa kwao, simbishii.

Chalenji, lile kombe la CECAFA la nchi za Afrika Mashariki na Kati, alibeba nne: ya 2008 (iliyomalizika Januari 2009), 2009, 2011 na 2012. Ya 2010 tulimtoa sisi Watanzania, Kili Stars, kwa matuta nusu fainali, kombe likabaki Dar. Mwaka uliofuata akarudi Dar hiyohiyo, akatutoa, akaondoka nalo. Najua mtasema Chalenji ni bonanza la majirani. Sawa, ila kuanzia 2011 mpaka 2019 hilo bonanza lilikuwa linakwenda Kampala au Nairobi tu. Sisi tulikuwa wapi?

Turudi AFCON. Oktoba 8, 2011 nilikuwa Bukoba, nimekaa kwenye duka la fundi redio, redio ya Kampala imefunguliwa mpaka spika inakoroma. Uganda na Kenya, uwanja wa Namboole, Kampala. Cranes wakishinda wamefuzu. Dakika zinakatika, 0-0. Fundi kashika bisibisi mkono mmoja, hagusi kitu. Ikaja habari kwamba Angola, waliokuwa wanatufukuzia nafasi hiyo kundini, wanashinda kule Bissau. Kipenga cha mwisho kilipolia alizima redio, akaanza kufunga duka, na jua lilikuwa bado halijazama. Angola pointi 12, Uganda 11. Na hao Angola walikuwa wamechapwa 3-0 palepale Namboole!

Mwaka uliofuata kapangiwa Zambia, bingwa wa Afrika. Kafungwa 1-0 Ndola, kashinda 1-0 Namboole, matuta 9-8 kwa Zambia. Mtu amekosa goli moja 2011 na tuta moja 2012, ndiyo aitwe kafeli?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeruka Kenya. Akiwa klabu ya Gor Mahia alitupa ligi ya 2013, ya kwanza tangu 1995, hiyo hatuwezi kumnyima. Ingawa timu aliipokea kwa kocha Logarušić msimu ukiwa katikati. Lakini Harambee Stars, timu yetu ya taifa? Alichukua Agosti 2014 baada ya kocha Amrouche. Novemba 2015 tukawafunga Cape Verde 1-0 Nairobi, tukaenda kwao tukalala 2-0, Kombe la Dunia kwaheri. Februari 2016 shirikisho likamtema. Hapo utamtetea vipi?

Mleta mada

Namtetea kwa safari hiyohiyo ya Cape Verde. Timu ilikwama uwanja wa ndege wa Wilson, ndege haijalipiwa, ikatua Praia, mji mkuu wa Cape Verde, siku ileile ya mechi. Mlete kocha yeyote umtakaye, mshushe kwenye ndege aingize kikosi uwanjani, tuone.

Mchangiaji wa pili

Nyie mnazunguka. Kocha wa taifa anapimwa kwa mechi ile ya mwisho, nyumbani, unapohitaji goli moja. Yeye alipata mechi ya namna hiyo 2011, akatoka suluhu. Kisha Machi 2013 anafungwa 2-0 na Liberia, wakamtimua. Micho, kocha aliyemrithi, kachukua nchi ileile, kaipeleka AFCON 2017, ukame wa tangu 1978 umekwisha. Na msiniletee habari za AFCON ya timu 24, ile ya 2017 ilikuwa bado timu 16.

Mleta mada

Na Micho aliwakuta akina nani? Onyango langoni, Mawejje kati, Massa mbele. Hao wote walichezea Uganda chini ya Williamson, na Massa ndiye aliyemfunga Zambia ile 2012. Shamba kalima mmoja, kavuna mwingine.

Mchangiaji wa pili

Goli la kufuzu dhidi ya Comoro alifunga Farouk Miya, mkuu. Huyo kaanza timu ya taifa 2014. Williamson alikuwa Nairobi.