Ulinganisho: Bendi ya watu 9, Dar–Moro–Dodoma. Kosta ya kukodi, basi au SGR?

Solo_Rithimu
Wakuu, tupo 9 pamoja na fundi mitambo. Ijumaa tunapiga Moro, Jumamosi Dodoma, Jumapili tunarudi. Ukumbi wa Moro una spika na dramu, wa Dodoma hauna kitu. Ipi inafaa?

MzeeWaTumba
Basi la abiria litoe kwenye hesabu. Buti lake hupangwa upya kila kituo na watu wasiojua kilichomo. Simbali (visahani vya shaba vya dramu) zikibanwa bila kitambaa katikati hupata ufa ukingoni, na ufa huo hauzibiki.

Besi_Kariakoo
Kwa watu, SGR haina mpinzani. Dar–Dodoma ni km 450 hivi. Treni ya haraka ni kama saa tatu na nusu, barabarani hesabu saba au nane. Mwimbaji anafika na koo lake zima. Gitaa kwenye begi sawa, kabati la besi (boksi la spika ya gitaa la besi) la inchi 15 hapana. Stesheni za Moro na Dodoma haziko katikati ya mji, kwa hiyo tengeni nauli ya bajaji. Vitambulisho vya wote vikusanywe mapema.

FundiMitambo
Mkuu, kabla ya bei uliza dereva atalala saa ngapi. Onyesho likiisha saa 9 usiku, kufungua na kupakia ni saa nzima. Wengi huondoka hapo hapo, usingizi unamkuta dereva njiani alfajiri. Mkichukua kosta, iandikwe kwenye makubaliano: dereva analala gesti kuanzia saa 3 usiku, hakai ukumbini. Ondokeni saa 4 asubuhi. Moro–Dodoma, km 260, ni kama saa nne, mnafunga vyombo Dodoma kukiwa bado na mwanga.

Kupakia: kabati la besi kwanza, lisimame kwa miguu yake, uso wa spika uelekee godoro. Amplifaya sakafuni. Kinanda juu ya vyote, kisibebeshwe kitu, maana vibonyezo huvunjika. Nati za tumba legeza nusu mzunguko, zote sawasawa. Gari lililofungwa juani hukausha ngozi, ikivutika inapasuka.

Solo_Rithimu
Asante fundi. Dodoma tunapewa jenereta, je?

FundiMitambo
Pima kwa mita kabla hamjachomeka chochote. Volti 220 hadi 240, endeleeni. Ikisoma 190 au 260, msiwashe hadi mwenye jenereta arekebishe. Kisha washeni taa zote na mpime tena, kwa sababu jenereta dogo hushuka likibebeshwa mzigo. Ekstensheni iwe ya waya wa 2.5 mm² na ikunjuliwe yote. Ikibaki kwenye roli inachemka hadi plastiki inayeyuka. Kukiwa na mngurumo, msikate waya wa ethi, huo ndio unaomlinda mwimbaji aliyeshika maiki. Chomekeni miksa na amplifaya sehemu moja, taa pembeni.

DadaWaSauti
Ipo njia ya nne: watu 7 SGR, fundi na mmoja wenu kwenye Noah na vyombo. Spika kubwa na dramu kodini Dodoma kwenyewe, ila ombeni picha za vifaa vyenyewe kabla ya kutoa advansi, pamoja na stendi na pedali ya kiki (ya kupigia dramu kubwa kwa mguu), ndizo husahaulika. Jumlisheni nauli za watu 7 kwa safari zote tatu, ongezeni Noah na mafuta. Ikizidi kosta, chukueni kosta na masharti ya fundi.