Klabu ya robotiki ya sekondari tuanze na Python au C++?

Ticha_Moro: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Nasimamia klabu ya robotiki ya vijana wa form one na two hapa Morogoro, hawajawahi kuandika programu hata mstari mmoja, tuna bodi za Arduino Uno (kompyuta ndogo za kuendesha roboti), mota ndogo na sensa za umbali, laptopu chache, intaneti ya kubahatisha. Mimi natamani lugha ya programu ya Python maana naskia ni nyepesi, mwenzangu wa fizikia anajua lugha nyingine, C++, kidogo anataka tuanze nayo. Mnasemaje?

fundi_saketi: Mkuu hapo bodi ishawachagulia. Uno ya kawaida (R3) ina RAM ya kilobaiti 2 tu, MicroPython, yaani Python ya bodi ndogo, haiingii, ukilazimisha Python itabidi programu ikae kwenye laptopu na roboti itembee na waya wa USB. Nendeni na C++ ya Arduino na msiliogope jina, mwanzoni ni setup (maandalizi), loop (kinachojirudia), digitalWrite (kuwasha na kuzima pini) na delay (kusubiri, kwa milisekunde) basi. Siku ya kwanza washeni taa, halafu kijana abadilishe delay kutoka 1000 iwe 200 aone mwenyewe taa inavyokimbia, hapo ushampata. Arduino IDE, programu ya kuandikia kodi, ikishakaa kwenye laptopu na mafaili ya Uno haihitaji tena intaneti.

binti_kodi: Nakubali kuhusu Uno ila C++ inawachosha wageni, nukta mkato moja ikisahaulika programu nzima inagoma na ujumbe wa kosa unamtisha mtoto. Mkipata hela ya bodi mpya chukueni Raspberry Pi Pico, ina RAM ya kilobaiti 264, Python inaingia vizuri na mnaandikia kwenye programu ya Thonny. Angalizo, pini zake ni za volti 3.3, sensa ya umbali ya HC-SR04 inarudisha volti 5 kwa hiyo wekeni rizista mbili za kuigawa, msipofanya hivyo mnaweza kuunguza bodi.

mzee_wa_mota: Mmesahau kitu kimoja, nani atawasaidia watoto wakikwama? Huyo wa fizikia yupo hapo hapo shule na anaijua C++, kwangu mimi hiyo inatosha kuamua. Kama mna ndoto za mashindano ya roboti ya FIRST Tech Challenge, kule programu ni za bloki (vipande vya kupanga) au lugha ya Java, na waliozoea mabano ya C++ hawapati shida sana kwenye Java.

Ticha_Moro: Asanteni sana, basi tunaanza na C++. Ila mota nikiiunga kwenye pini ya Uno bodi inajizima na kuwaka tena, tatizo nini?

fundi_saketi: Usiunge mota kwenye pini mkuu, umeme wa pini ni mdogo mno kwa mota! Weka L298N, saketi ya kuendesha mota, katikati, mota zipate betri yao, halafu GND (waya za hasi) zote ziungane.