Tupeane uzoefu: kazini kwako ulipimwaje?

Wakuu, habari za jioni kutoka Kigoma. Naanza mimi.

Ni mwalimu wa sekondari, halmashauri siitaji. Nilipoajiriwa nilikuta OPRAS, ule mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa watumishi wa umma ulioanza 2004 badala ya zile taarifa za siri. Utaratibu wenyewe hauna ubaya: Julai unakaa na mkuu wako mnakubaliana malengo, Desemba mnaangalia mmefika wapi, Juni unapewa alama, 1 ni bora sana na 5 ni hovyo kabisa. Kwetu vyote vilijazwa siku moja, mwezi wa sita, malengo na matokeo pamoja. Mwaka wa kwanza nikapewa fomu ya mwenzangu aliyehama "uiangalizie". Nikaiangalizia mpaka lengo la kusimamia bweni la wasichana. Shule yetu ni ya kutwa. Nikapata 2.

Sasa tuko PEPMIS, mfumo wa kielektroniki uliochukua nafasi ya OPRAS, tunajaza kwenye simu. Jioni za mwisho wa mwezi unakuta walimu wamekaa kilimani wakitafuta mtandao kama wanaosubiri mwezi uandame. Yule mtoto niliyemfuata kwao mara tatu hadi akarudi darasani, bado sijajua namjaza kwenye jukumu lipi.

Nyie je?

Muuguzi, mwambao wa kusini:
Afadhali wewe na bweni lako. Mimi napimwa kwa chanjo, na idadi ya watoto ninaotakiwa kuwafikia inatoka kwenye makadirio ya sensa ya 2022. Huku watu wanafuata dagaa. Usiku wa giza kambi inajaa. Mbalamwezi ikitoka taa hazivuti kitu, nyavu zinaanikwa, wengine wanapanda boti na wake na watoto wanarudi kwao. Msimu ukiwa mbaya hawarudi kabisa. Kuna mwezi nilivuka asilimia mia, nikaulizwa kama nimepika takwimu. Uliofuata nikapata nusu, nikaulizwa mbona nimekuwa mvivu. Muuguzi yuleyule, friji ileile! Msimamizi aliyekuja alitaka kuona grafu ukutani. Mchwa walishakula upande wa Machi.

Afisa mikopo, Kasulu:
Sisi wa binafsi ni mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30, basi. Mkulima wa maharage anashika hela akivuna, mkataba unataka alipe kila mwezi. Nakiri hapa kwa sababu hamnijui: nililipa rejesho la mama mmoja kwa hela yangu ili bonasi isinipite. Mwaka huo nikawa mfanyakazi bora wa tawi, nikapewa cheti na birika la umeme. Mama alipouza alinirudishia yote, na debe la maharage juu.

Mkuu wa idara (mstaafu):
Mnatusema sana, ila enzi za fomu mimi ndiye nilikuwa natoa hizo alama. Nikimpa mtu 4 naandikiwa barua nijieleze, naye hanisalimii mwaka mzima. Nikimpa 2 hakuna anayeuliza. Kwa hiyo idara nzima ilikuwa 2.

Mwanzisha mada:
Shikamoo mzee. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuikataa hiyo 2?

Mkuu wa idara (mstaafu):
Marahaba. Mmoja tu, mhudumu wa ofisi. Alinirudishia fomu mezani akasema: "Bosi, mwaka huu nimelazwa miezi minne. Hii 2 ni ya nani?"