Nimeuliza kachumbari tu, nimegeuzwa Mwisraeli wa jangwani!

Wakuu, nimeingia ndani sasa hivi, hata viatu sijavua. Tunaosali pamoja mnamjua ninayemsema, simtaji.

Semina ya leo ilikuwa safari ya wana wa Israeli jangwani na kumtegemea Mungu. Saa tatu mpaka saa nane, makalio yamekufa ganzi, nadhani Yoshua alivuka Yordani kabla sisi hatujatoka ukumbini. Sawa. Pilau likaja. Naangalia sahani, hamna kachumbari. Nikamuuliza binti wa jikoni, sauti ya chini kabisa: "Samahani dada, kachumbari imeisha?"

KACHUMBARI, wakuu. Sikuomba kware.

Mtu akanyanyuka na kipaza sauti (watu wanakula, nani alimwachia?): "Wapendwa, kitabu cha Hesabu sura ya 11 ndiyo hii mbele yetu! Wanalishwa bure, bado wanalilia matango na vitunguu vya Misri!" Ukumbi mzima ukanigeukia. Mama mkwe yupo. Kijiko changu kipo hewani, hakipandi hakishuki.

Haya, kachumbari ina matango na vitunguu, sikatai. Ndiyo unisomee Hesabu mbele ya mama mkwe? Na huyu huyu asubuhi katufundisha mana, kile chakula cha kutoka mbinguni, ilikuwa pishi moja kwa kila mtu, ukiilaza inaingia mabuu. Nimemwona kwa macho yangu anafunga pilau mifuko mitatu ya kwenda nayo kwake!

Natoka getini, watoto wa shule ya Jumapili: "Shikamoo Baba Matango."

Panzi wa Kanaani: Pole sana Baba Matango 😂😂😂

mitende70: Leo Ijumaa mkuu. Siku ya sita waliruhusiwa kuokota maradufu, mtumishi yupo ndani ya maandiko. Labda huo mfuko wa tatu.

Mtoa mada: Wewe hukuwepo. Kijiko kilikuwa HEWANI.

Bi Kizingiti: Kosa la wale halikuwa njaa. Pale Mara maji yalikuwa machungu kweli. Kosa ni kuanza kuisifia Misri, eti samaki wa bure. Mtu anafyatulishwa matofali kwa viboko, huyo samaki ana ubure gani? Kutoka Horebu, mlima wa Mungu, mpaka Kadesh-barnea, mlangoni mwa Kanaani, ni mwendo wa siku 11. Wakawaamini wapelelezi 10 waliosema nchi haiingiliki, wakawapuuza Yoshua na Kalebu waliosema twendeni, wakazunguka miaka 40. Wewe ulisema afadhali Misri?

Mtoa mada: Nilisema kachumbari imeisha?

Bi Kizingiti: Basi mjibu kwa Hesabu 27. Binti za Selofehadi walipeleka lalamiko lao la urithi kwa Musa, kusanyiko zima likiwepo, na Mungu akasema wana haki.

Kijana wa Refidimu: Hiyo Hesabu 11 yenyewe, Musa kachoka na watu mpaka anamwambia Mungu bora aniue. Hapo kipaza sauti kilizimika?

Panzi wa Kanaani: Mi naona mleta uzi mlafi tu. Pilau kavu linashuka vizuri na ndizi.

Soprano Aliyechoka: Nyie mna pilau mnalia. Kumbukumbu la Torati 8 inasema nguo hazikuwachakaa miaka 40. Kwaya yetu sare mpya kila Pasaka, elfu 45, na fundi ni mke wa mwenyekiti!

mitende70: Elfu 45 pamoja na kitambaa?

Soprano Aliyechoka: Kitambaa unanunua mwenyewe.

Kijana wa Refidimu: Huyo mwenyekiti ni Farao. Sisi besi tulishonewa suruali, ukipanda jukwaani unapanda kwa ubavu.

Mtoa mada: Wakuu, turudi kwenye kachumbari.

mitende70: Subiri kwanza Baba Matango. Soprano, hiyo 45 ni gauni peke yake au na kilemba?