Naomba ushauri: shamba la umwagiliaji Kahe limeota ukoko mweupe, je, niliache?

Muulizaji:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nina ekari 3 katika tambarare ya Kahe, kusini mwa Moshi, ambazo nimezimwagilia kwa miaka 19. Mwanzoni nilitumia maji ya mfereji, lakini zamu zilipoanza kuchelewa nilichimba kisima mwaka 2014, na tangu hapo nategemea pampu. Maji yake ni maangavu na sabuni hutoa povu upesi, nami nikaamini ni bora kuliko ya mfereji.

Sasa ekari ya bondeni inaamka na ukoko mweupe, na mahali pengine pana madoa meusi kama mafuta yaliyokauka. Maji husimama jarubani siku tatu bila kunywewa, na udongo ukikauka huwa mgumu kama tofali. Ncha za vitunguu zinaungua, na mpunga unadumaa. Muuza pembejeo alinishauri niongeze urea, nikaongeza misimu miwili bila mafanikio. Jirani yangu, mzee ninayemheshimu, anasema nilipumzishe. Shamba hili ndilo lililosomesha watoto wangu, na inaniuma kuliona likifa mikononi mwangu.

Mkulima wa Same:
Pole sana ndugu yangu. Kwa heshima zote kwa mzee wetu, mimi nililipumzisha langu miaka mitatu na chumvi ikazidi. Baadaye nilichimba shimo nikakuta maji ya ardhini yako karibu mno, kwa hiyo jua lilikuwa likiyavuta juu mwaka mzima na kuacha chumvi, hata bila mimi kumwagilia tone.

Mtaalamu wa udongo:
Ndugu Muulizaji, kabla ya kutumia shilingi nyingine, tafuta kujua kama shamba lako lina chumvi, magadi (yaani sodiamu iliyoshikamana na udongo), au vyote viwili, kwa sababu tiba zake hazifanani.

Chumvi huja hata kwa maji mazuri. Maji tunayoyaita matamu, yenye miligramu 320 za chumvi kwa lita, yakimwagwa kimo cha mita 1 kwa mwaka, huingiza takriban kilo 1,280 za chumvi katika ekari moja. Mmea hunywa maji na jua hukausha mengine, lakini chumvi haipai. Ikiwa hakuna mvua ya kutosha wala mtaro wa kuitoa, inabaki palepale. Mazao nayo hayalingani kwa uvumilivu: maharage na vitunguu huumia mapema, mpunga huvumilia zaidi kidogo, na pamba huvumilia sana.

Hata hivyo, maelezo yako yananielekeza zaidi kwenye magadi. Povu lile la upesi, ambalo ulilichukua kuwa sifa, huonyesha maji yenye kalisi (madini ya chokaa) kidogo, na visima vingi vya maeneo ya volkano kama yetu vina bikaboneti ya sodiamu. Bikaboneti hiyo huigandisha kalisi ya udongo, sodiamu ikachukua nafasi yake, chembe za udongo zikaachana na kuziba vitundu vya kupitishia maji. Madoa meusi ni mboji iliyoyeyushwa na magadi. Urea nayo, katika udongo wa namna hiyo, sehemu kubwa hupotea hewani kama amonia; afadhali ungetumia SA, yaani mbolea ya salfeti ya amonia.

Chukua bonge dogo la udongo mkavu, litumbukize taratibu katika glasi ya maji ya mvua bila kukoroga. Likizungukwa na ukungu kama maziwa baada ya saa chache, magadi yapo. Likibaki bila ukungu usifurahi bado, kwani chumvi nyingi huweza kuyaficha. Kwa sababu hiyo hiyo nakusihi usioshe shamba kwa maji mengi kabla ya kuweka jasi, madini yenye kalisi ya kuiondoa sodiamu: chumvi ikitoka na sodiamu ikabaki, udongo utafunga kabisa. Jasi huchimbwa Makanya, si mbali nawe, lakini huhitajika kwa tani, hivyo peleka kwanza sampuli za udongo na za maji TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Tanga, au maabara ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Mjumbe wa kamati ya maji:
Nakubaliana na mtaalamu, ila naongeza jambo ambalo huwa tunalikwepa. Maji ya kuoshea shamba lazima yaende mahali, na mtaro wa mtu mmoja ukiishia kwenye jaruba la jirani wa chini, tumemhamishia ugonjwa. Mtaro wa kutolea maji ni kazi ya wenye mashamba wote hadi mtoni, na huko nako kuna wanaokunywa.

Muulizaji:
Nawashukuru sana. Nimefanya kama nilivyoelekezwa: bonge la ekari ya bondeni limetoa ukungu mweupe, na la ekari ya juu, ambayo hupata zaidi maji ya mfereji, halikutoa. Shimo la bondeni limefikia maji kwenye sentimita 90. Urea nimeisimamisha, vitunguu nimevihamishia juu, na sampuli zinaondoka Jumatatu. Jirani wa chini nimekwisha kuzungumza naye. Amekubali tuitishe kikao cha mtaro kabla ya masika, kwa sharti kwamba asiwe wa mwisho kuchimbiwa.